Dole Gumba la Kelvin

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua duka asubuhi, nimeuza unga kidogo, nimefunga. Mahakamani tena. Mjane wa marehemu ni mimi, watu wananipisha benchi la mbele.

Leo wamefika kwenye maelezo ya Kelvin, yale aliyoandikisha polisi alipokamatwa. Kwamba alimvizia mume wangu njia ya Kahe, akamkata panga, akachukua pikipiki. Wakili wake kapinga, eti aliteswa. Jaji kasema kwanza isikilizwe kesi ndogo ya hayo maelezo tu, yapokelewe au yatupwe.

Shemeji Aloyce kaninong'oneza: yakitupwa hatuna kitu. Panga halikupatikana. Pikipiki haikupatikana. Aliyeona hayupo.

Yapokelewe, Mungu wangu.

Jumanne, 4 Machi

Askari aliyeandika katoa ushahidi. Karatasi ina alama ya dole gumba, haina saini. Kwa nini? Eti mshtakiwa alisema hajui kuandika.

Hajui kuandika! Kelvin huyu mchora mabango? Jina la duka langu kaandika nani pale ukutani? Mtaa wetu wa Rau mzima, kuanzia saluni mpaka kwa fundi pikipiki, ni mwandiko wake.

Na mimi najua kwa nini hakushika kalamu. Siku aliyokamatwa niliwapelekea askari kituoni chupa ya chai na maandazi, asante yangu kwa kumkamata. Kelvin alikuwa sakafuni, vidole vimevimba, havikunjiki. Askari akaniambia, "Subiri, mama. Mpaka jioni atakuwa ameshasema yote."

Nilifurahi. Nilifurahi sana.

Jumatano, 5 Machi. Majivu.

Nimepakwa majivu, nikaenda moja kwa moja kwa wakili wa Serikali. Nimemweleza. Kanitazama weee. "Mama, unataka haki ya mume wako au hutaki?" Naitaka kuliko yeye! Lakini ni mtu mwungwana, kamwambia wakili wa Kelvin. Kesho naitwa.

Shemeji kanijia juu, nimelogwa? Neema kapiga simu kutoka Dar, analia. "Mama, plizi, nyamaza tu." Eti namuua baba yake mara ya pili.

Nimemkatia simu. Mwanangu wa pekee.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesema. Chai, vidole, maneno ya yule askari. Kelvin aliinamisha kichwa muda wote. Shemeji alitoka nje kabla sijamaliza.

Ijumaa, 14 Machi

Maelezo yametupwa. Upande wa Serikali hauna shahidi mwingine wa maana. Jaji kasema Kelvin hana kesi ya kujibu. Kaachiwa.

Mama yake kapiga vigelegele koridoni, akaja kunikumbatia. Nimemsukuma. Sikufanya kwa ajili yako, mama wee.

Nawachukia wale askari. Nawachukia kuliko huyu kijana. Si wangemuuliza kwa mdomo! Wangetafuta hilo panga, wangeuliza watu wa Kahe. Labda ni yeye kweli. Labda angesema mwenyewe bila kuguswa, tukajua, tukalala. Wao walitaka jioni iwe imekwisha.

Sijutii kusema. Najutia ile chai. Najuta yote, basi. Nimechoka.

Jumapili, 30 Machi

Misa ya kwanza. Mvua imenyesha, njia yote tope. Wakati wa kurudi, upande wa msituni, Kelvin huyo anakuja na dumu la maji. Njia nyembamba, hakuna pa kukwepea. Kaingia kwenye majani kunipisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Imetoka yenyewe, kama kwa mtoto wa mtu yeyote.

Kapita. Nimesimama pale na kanga yangu imelowa chini. Nilitaka kumwita nimuulize, ni wewe? Sikumwita. Akisema siyo yeye, sitamwamini. Akisema ndiye, nitajiuliza nani kamfundisha kusema hivyo.