Mtunzi wa Upande wa Pili

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla hujauliza umri wangu naomba nikuambie mwenyewe kwamba nimetimiza sabini na sita, kwa hiyo hili si la mapenzi wala la ndoa, ingawa mke wangu atasema ni la mapenzi vilevile, maana kwake kila saa ninayokaa mbele ya kompyuta na santuri zangu ni saa niliyomwibia yeye, na juzi aliniambia, "Wewe siku ukifa, mlangoni pa peponi utaulizwa unazunguka kwa kasi gani, mizunguko thelathini na tatu kwa dakika au arobaini na tano," nami nikamjibu kwamba inategemea santuri, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Ipo orodha ya santuri mtandaoni ambayo haina ofisi wala mwenyewe, tunaiendesha sisi wapenzi wa muziki wa zamani kwa kujitolea, kila mtu mahali alipo. Una santuri mkononi, unaandika jina la wimbo, mtunzi, bendi na namba ya toleo, unapiga picha lebo ya katikati, kisha mhakiki anapitia kabla ukurasa haujaonekana. Mimi ni mhakiki. Nimeingiza santuri elfu moja na mia mbili na ushee, na wenzangu, ambao wengi wangeweza kuwa wanangu, wananiita Nukta, kwa sababu niliwahi kubishana nao wiki tatu juu ya nukta moja iliyokuwepo kwenye lebo na haikuwepo kwenye ukurasa wetu, na nikashinda. Kanuni yetu ni kwamba unaandika kilichochapwa, pamoja na kosa lake kama kina kosa. Unachokijua wewe unakipeleka kwenye maelezo ya chini, pamoja na ushahidi wake. Tangu tulazimike kuondoka kwetu, na ni miaka arobaini na saba sasa, sijapata mahali pengine ambapo nikitaja ukumbi wa dansi mtu ananijibu, "Naam, ule wa ngazi mbili mbele." Hapa ninapoishi majirani ni watu wema, lakini wananijua kama mzee wa ghorofa ya tatu mwenye kofia.

Ujanani nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha santuri. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya mashine za kukandamiza santuri, joto lake likipenya ukutani, na kilikuwa na harufu ya wino, mafuta ya taa na plastiki ya moto, ambayo mpaka leo nikipita mahali wanapotia lami barabara nasimama kidogo. Herufi zilikuwa za madini ya risasi, unaziokota moja moja na kuzipanga kinyumenyume, na lebo zikishachapwa zinakaushwa kwenye tanuri, maana karatasi yenye unyevu hufanya malengelenge ikikandamizwa pamoja na sahani ya santuri. Maneno ya kila lebo yalitufikia kutoka studio kwenye kipande cha karatasi, na tukimaliza kazi tulikichomeka kwenye msumari uliosimama mezani.

Jumamosi moja ikaja karatasi ya bendi iliyopendwa kuliko zote mjini. Upande wa kwanza, mtunzi ni kiongozi wa bendi, ambaye tulimwita Kapteni. Upande wa pili, mtunzi ni dada mmoja aliyekuwa akimwitikia, watu wakimwita Sauti ya Pili. Nikapanga upande wa kwanza, nikachapa, kisha kwa upande wa pili nikabadilisha mstari wa jina la wimbo na kuusahau mstari wa mtunzi. Nilipaswa kutoa nakala moja ya majaribio msimamizi aisome, sikutoa, kwa kuwa nilikuwa nawahi dansi la alasiri, na niliyekuwa nawahi kumsikiliza, mshauri, ni dada huyohuyo. Jumatatu nikaliona kosa, lebo mia saba zimeshakauka. Nikajiambia, huu ni upande wa pili, nani ataugeuza.

Waliugeuza. Mwaka mzima hapakuwa na redio dirishani, kinyozi wala mshona nguo ambaye hakuupiga upande ule, na jina lililosomwa kila mara ni la Kapteni.

Alikuja kiwandani mwenyewe, santuri ndani ya mfuko wa karatasi, akasimama kwenye mlango wa chumba chetu.

"Kaka, hebu nisomee hapa."

Alikuwa anajua kusoma kuliko mimi. Nikamsomea.

"Sasa mimi niko wapi?"

"Ndivyo karatasi ilivyokuja, dada."

"Naweza kuiona?"

"Zimeshapelekwa ghalani."

Ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Nilikuwa nimeichomoa kwenye msumari asubuhi ile, nikiogopa msimamizi asije akailinganisha na lebo. Aliangalia ule msumari, akaniangalia mimi, akacheka kidogo. "Basi nitawaimbia tu. Kunisoma hawatanisoma." Akaenda zake.

Kapteni alipoulizwa alitabasamu na kunyamaza. Dada akadai wimbo wake, watu wakasema sifa zimempanda kichwani, akaiacha bendi. Mwaka uliofuata machafuko yakatutawanya sote. Mimi nilitoka na sanduku moja, na ndani yake kamusi, na ndani ya jalada la kamusi ile karatasi, ambayo mpaka leo sijui kwa nini sikuitupa.

Wiki mbili zilizopita yaliletwa marekebisho kwenye ukurasa wa santuri hiyo, na aliyeyaleta amejiandikisha kwa jina la Sauti ya Pili. Aliandika: "Upande wa pili si wa Kapteni, ni wangu. Niliutunga nikimpigia mama pasi nguo zake za kazi, ndiyo maana mapigo yake yanakwenda na kurudi. Naomba mrekebishe nikiwa bado naona herufi, macho yangu yanafifia." Nilikaa na maneno hayo mpaka chai ikapoa. Kisha vidole vyangu, naapa ni vidole, vikajibu: "Ahsante kwa mchango wako. Tunaandika kilichochapwa. Bila ushahidi hatuwezi hata kuweka maelezo ya chini. Nukta." Kesho yake akajibu: "Sawa, kaka. Jibu hili nilishapewa zamani, mlangoni, na mtu mwenye wino vidoleni."

Sijui kama amenitambua au amesema tu. Mke wangu alisoma nyuma ya bega langu akasema, "Umemjibu mwenzio kama karani wa dirishani," wala hajui habari ya karatasi. Nikiitoa, wenzangu watauliza ni mangapi mengine Nukta ameyaficha, watazichunguza santuri zangu zote, na pengine wataniondoa, na mimi mtaa niliobaki nao wa kutembea ni orodha ile. Nimewaza kujiandikisha kwa jina jingine na kuipeleka picha ya karatasi kama mtu aliyeiokota kwenye duka la vitu vikuukuu. Dada atapata haki yake, orodha itakuwa sahihi, nami nitabaki. Je, mshauri, hilo litakuwa kosa?

Mpanga herufi mstaafu

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Salamu nimeshatoa, sasa nivumilie.

Kijana aliyesahau mstari mmoja kwa kukimbilia dansi nimeshamsamehe kabla sijafika mwisho wa sentensi, na sentensi zako ni ndefu. Aliyesema "zimeshapelekwa ghalani" na karatasi iko kifuani mwake, huyo ana kesi. Lakini mwenye kesi kubwa ni yule wa wiki mbili zilizopita. Hakuwa kijana tena, hakuwa na msimamizi wa kumwogopa, na alimdai mwanamke ushahidi ambao ameuficha ndani ya kamusi yake mwenyewe. Usiwasingizie vidole.

Ndiyo, hilo la jina jingine ni kosa, na nashangaa umeuliza. Unataka kuondoa jina la uongo kwa kuleta jina la uongo. Ungekuta mtu mwingine amefanya hivyo kwenye ukurasa wenu ungebishana naye miezi sita. Tena karatasi iliyookotwa dukani na mtu asiyejulikana ni karatasi tu, yeyote anaweza kusema imeghushiwa. Inayoipa nguvu ni aliyeipokea, aliyeisoma na aliyeikiuka. Ukijificha, unamnyima yule dada nusu ya ushahidi wake, yaani wewe.

Naelewa unachokiogopa. Mtu aliyepoteza mji wake hushika sana kipande alichobaki nacho, na mimi sikucheki. Ila fikiri: hao wanao wa mtandaoni hawajawahi kukanyaga kile chumba cha herufi. Yeye alisimama mlangoni pake. Pengine ndiye mtu pekee aliye hai ambaye anakikumbuka, na ndiye uliyemfungia mlango mara mbili.

Sasa fanya ninavyokuambia. Leo mweleze mkeo, kwa sababu gazeti hili likimfikia atakutambua kwenye mistari ya kwanza kabisa, na ni vibaya asikie kwangu. Kesho asubuhi mwandikie dada, kabla ya wenzako, kwa jina lako halisi, umwombe namba ya simu, maana amekuambia macho yake hayana subira na wewe umelijibu hilo kwa kanuni. Akipokea, anza na mfuko wa shati. Habari ya dansi na jinsi ulivyopenda kumsikiliza iache mpaka akuulize, na asipouliza, baki nayo. Usimwombe msamaha kwenye simu hiyohiyo ukamlazimisha akufariji. Sema ulichofanya, nyamaza, msikilize hata akikufokea. Kisha muulize anataka aandikwe kwa jina gani. Sauti ya Pili ni jina walilompa watu. Huenda analo alilopewa na mama yake, na ndilo analotaka kulisoma angali analiona.

Baada ya hapo piga picha karatasi, mbele na nyuma, uipeleke, na ukurasa huo auhakiki mtu mwingine. Wakitaka kuzipitia upya santuri zako elfu moja na mia mbili, waache wazipitie, tena wasaidie. Wakikuondoa, utaumia, na utakuwa umeondoka mahali ambapo jina la mtu limeandikwa sawasawa.

Picha ya lebo na mstari wake wa mtunzi msiviguse. Ndivyo ilivyochapwa, na kanuni yenu ni nzuri. Mtunzi wa kweli mwandikeni kwenye maelezo ya chini, na karatasi iwe pembeni yake. Halafu, kwa kuwa kurasa zenu zina nafasi ya mpiga gitaa, ya fundi mitambo, hata ya aliyepiga picha ya jalada, omba waongeze nafasi moja zaidi kwa ajili ya santuri hii. Mpanga herufi. Hapo weka jina lako kamili.