Maji Iko, lakini hakuna mwenye kugusa

Ndosho, Jumatano

Mvua imepita kando tena. Asubuhi yote imetutisha na wingu nyeusi upande wa Nyiragongo, halafu imeenda kunyeshea wengine. Sisi tumebaki na vumbi ya mawe meusi mu pua na mu sahani. Moyo wangu leo uko sawa na hiyo vumbi. Siandikii mutu. Ninaandika kwa sababu mutoto wangu Ombeni amelala, telefone iko na moto kidogo mu betri, na nikinyamaza nitalia.

Aplikasyo yangu ya telefone imekufa. Ao pengine haijazaliwa bado, sijui.

Kama kuna mwenye anafika ku hii ukurasa mara ya kwanza: jina lake ni Maji Iko. Niliitengeneza mwenyewe, mimi mwenye niliachia masomo mwaka wa pili wa sekondari. Sentre moja ya hapa mutaani ilitufundisha sisi wamama wenye tulikimbia vita, watoto wakiwa mugongoni. Wengi walichagua kushona. Mimi nilichagua ordinatere, kompyuta. Walinicheka, nikacheka nao.

Ukiifungua, unaona robine, mabomba ya maji ya mutaa wetu wa Ndosho. Yenye kutoa maji ni ya kijani, yenye kukauka ni nyekundu. Mwenye amefika ku robine na ameona maji inatoka anagusa mara moja tu, na wengine wote wanajua. Haiulizi jina. Haiulizi unalala wapi. Hapa kwetu, tangu vita, mutu akikuuliza jina lako na mahali unalala, unamupa jina la uongo na unahamisha watoto.

Sikuitengeneza kwa kutafuta sifa. Wakati tulikuwa bado tunaishi chini ya bashi, ile turubai ya wakimbizi, bunduki zikilia upande wa Sake, umeme ulikatika na robine zote zikakauka. Nikasikia kwamba kuna moja yenye kutoa. Nikaizunguka Ndosho na bidon, dumu yangu ya maji, mukononi, sikuipata. Nikachota maji ya ziwa, nikamupa Ombeni. Alihara mpaka macho yake yakaingia ndani. Robine yenye nilikuwa ninatafuta ilikuwa nyuma ya ukuta wa kanisa, karibu kabisa na pale nilipita.

Alipona. Mungu wangu, alipona. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa na hii wazo mu kichwa, na niliamini kila mama wa Goma anaingojea.

Hakuna mwenye alikuwa anaingojea.

Nimeizungusha mpaka nimechoka. Ku Birere, mbele ya wauza nguo. Ku Kituku, kati ya wamama wa samaki, ndala zangu zikinuka sambaza, samaki wadogo wa ziwa, siku mbili. Wanaitika: «Wazo muzuri, mama, Mungu akubariki.» Wanaiweka mu telefone nikiwa nimesimama hapo. Nikigeuza mugongo wanaifuta, kwa sababu telefone imejaa nyimbo na picha za harusi. Kila asubuhi ninafungua kuangalia. Nyekundu. Robine zote nyekundu, hata zile zenye ninajua kwamba zinatoa, sawa vile Ndosho yote imekauka na watu wanakunywa hewa.

Na Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Mwalimu wa sentre alitukusanya akasema kuna kundi jipya la wamama linaingia na machini, zile ordinatere zenye walituazima, hazitoshi. Kila mumoja wetu aje Ijumaa asubuhi aonyeshe watu wenye wanatumia kazi yake. Mwenye kuwa na watu anabaki na machini. Mwenye kukosa anairudisha. Si mutu mubaya, Mwalimu. Alisema akiangalia chini.

Bila machini, mimi na Maji Iko tumeisha. Telefone yangu imepasuka kioo, haiwezi kazi ile.

Kwa hiyo leo nilienda ku robine na mupango. Niliweka bidon zangu mbili mu mustari, nyuma kabisa, nikaanza kuzungumuza na wamama wakati tunangojea. Mwenye hajaishi hapa ajue: ku robine si watu wanasimama mu mustari, ni bidon. Kila bidon ya manjano iko na alama yake, kitambaa, kamba, rangi ya kucha. Unaiweka, unaenda kutafuta maisha, bidon inakushikia nafasi. Lakini ikifika mbele na wewe hauko, mwenye kufuata anaisukuma na muguu, na inarudi mukia ya mustari. Hakuna kugombana. Ndiyo sheria.

Nikaeleza vizuri, kijani, nyekundu, kugusa. Mama Kahindo, jirani yangu mwenye anauza makala ya kupikia, alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ku kiuno.

«Bon. Miye nimefika hapa jogoo bado ajalia. Tuseme maji inaanza kutoka. Sasa niite Ndosho yote ikuje kunipita?»

«Si kukupita, Mama Kahindo. Ni kusaidiana.»

«Bamama, mumusikie. Huyu anataka tukufe kiu kwa telefone.»

Walicheka wote. Mimi pia nilicheka, ile kicheko ya kufunika uso.

Halafu robine ikakohoa, ikatema hewa, na maji ikatoka. Mama Kahindo akanigeukia.

«Haya, Mama Ombeni. Telefone ile iko mukononi. Gusa tuone.»

Kidole changu kilikuwa juu ya kioo. Niliangalia mustari. Bidon zangu zilikuwa mukia, mbele yake kulikuwa manjano tupu mpaka ku robine. Niliwaza: nikigusa, na kama kweli kuna hata mutu mumoja mwenye anaangalia, atakuja na bidon zake, na pengine maji itakatika zangu zikiwa hazijafika.

Sikugusa.

Nilirudisha telefone mu kitenge. Wamama walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi, na Mama Kahindo alinipiga mukono ku bega, bila ubaya, akasema: «Unaona? Uko mutu sawa na siye.»

Mimi mwenyewe, mama wa ile kitu, nilishindwa kuitumia siku yenye ilikuwa na kazi. Ni nani basi nilikuwa ninangojea aitumie? Malaika? Miezi yote niliwaza kwamba watu hawanielewi. Walinielewa tangu siku ya kwanza. Mutu mwenye anajua pale maji iko ndiye mutu wa mwisho kutaka wengine wajue, na si roho mbaya, ni watoto wake wenye wako na kiu ku nyumba. Nilisahau hiyo. Sijui nilisahau namna gani, mimi mwenye nimelala chini ya bashi na ninajua kuficha kikombe cha unga.

Nilikaa ku jiwe. Nilimuwaza Baba Ombeni, mwenye alienda kutafuta kazi ya kuchimba upande wa Walikale kabla barabara haijafungwa. Kule hakuna rezo ya telefone. Nikimupata siku moja, nitamuambia nini? Kwamba nilipoteza wakati wote huu nikichora robine?

Ndipo Mama Riziki alikuja karibu yangu. Ni mama mwenye umri mudogo, sisi wawili tulikimbia kutoka Masisi, amezaa juzi juzi tu. Mutoto amemuachia mama yake muzee ku nyumba. Tangu asubuhi bidon yake ilikuwa imesukumwa mara mbili, kila mara akienda kunyonyesha. Blauzi yake ilikuwa imelowa mbele.

«Mama Ombeni. Ile kitu yako inaweza kuniambia bidon yangu imefika wapi?»

«Hapana, mama. Inasema tu kama maji iko.»

«Maji ninaiona na macho. Bidon ndiyo siioni nikiwa ku nyumba.»

Alinionyesha telefone yake, ile ndogo ya vibonye na tochi, yenye haiwezi kufungua aplikasyo yoyote. Akasema: «Basi unibipe. Ikibakia bidon tatu mbele yangu, bipe tu, ilie mara moja ukate. Nitakimbia.»

Akaenda. Mimi nikabaki kuchunga bidon yenye kitambaa chekundu, sawa vile ninachunga mutoto wa mutu. Zilipobakia tatu nilibipe. Alifika akikimbia juu ya mawe, ndala mukononi, akaweka bidon yake chini ya robine kwa wakati wake. Maji ikajaa. Hakunishukuru kwa maneno mengi. Aliniangalia tu, akabeba, akaniuliza kama nitamubipe tena Ijumaa robine ikifunguliwa, nikasema ndiyo, akaenda.

Wamama waliona. Mumoja wa nyuma akanipa namba yake: robine yetu itafunguliwa tena Ijumaa asubuhi, nimubipe na yeye, iko na mugonjwa ku nyumba. Nikasema ndiyo. Halafu Mama Kahindo, yeye yule, akanitajia namba yake akiangalia pembeni, sawa vile anakohoa.

«Na miye. Kuna makala ya kuuzisha, siwezi kusimama hapa siku yote. Lakini usiniweke mu ile kitu yako.»

Nikasema ndiyo tena. Na Mama Riziki tayari nilikuwa nimemuambia ndiyo.

Nilipokuwa ninarudi na bidon kichwani ndipo nilisimama mu njia. Ijumaa asubuhi. Ni saa ileile ya sentre.

Nimekaa na hii tangu mchana. Ningeweza kwenda kwa Mwalimu. Ningeweza hata kufungua telefone mbili tatu za majirani na kugusa robine zote ziwe kijani, aone Ndosho nzima inameremeta, aniachie machini. Nimeiwaza kweli, sitadanganya hapa. Lakini ningebaki na machini yenye kutengeneza kitu chenye hata mimi sikukigusa. Na Ijumaa bidon ya Mama Riziki ingesukumwa na muguu, na angejua ni nani alimuambia ndiyo.

Na nikimueleza Mwalimu kuhusu hawa wamama watatu, nitamuonyesha nini? Hakuna kitu mu machini. Ni telefone tatu za tochi na mimi nimekaa ku jiwe ninahesabu bidon. Hiyo si aplikasyo. Hiyo ni mama mwenye hana kazi.

Nimelia kidogo. Ombeni ameamuka, amenipanguza na mukono wenye ugali wa fufu, amelala tena.

Kesho nitairudisha machini mwenyewe, kabla hawajaniomba. Nimeshaisafisha vumbi na kitenge. Nitamuomba Mwalimu jambo moja: siku yenye kundi jipya haliko, aniache nikae pembeni saa moja nijaribu kuona kama ordinatere inaweza kumubipe mutu. Pengine atakubali. Pengine atasema nafasi imeisha, na atakuwa na haki. Sina nguvu ya kuwaza mbali kupita hapo.

Lakini Ijumaa asubuhi niko na kazi. Mutu akiniuliza ni kazi gani, sijui bado nitamujibu nini.