Kwa Wasike, Aliyefungua Sanduku Bombani

Mwaka umetimia, Wasike, tangu asubuhi ile ulipotia barafu sandukuni, ukalifunga nyuma ya baiskeli, ukaelekea kichinjioni, usirudi tena.

Ulizaliwa hapa Nakuru katika nyumba za reli, baba yako akiwa mtia makaa kwenye gari la moshi. Ukasoma hadi Makerere, ukarudi na maneno ambayo huku kwetu hayakuwa na mwenyewe. Ulisema chini ya ubongo wa ng'ombe kuna tezi ndogo kama punje ya haragwe. Chembe zake hutoa kitu kiitwacho homoni, nacho huingia kwenye damu na kuamrisha maziwa yashuke. Ng'ombe akiogopa, hayashuki. Ukitaka kujua kwa nini, uliinamia hadubini kwenye kituo cha utafiti miaka yote ya ndoa yetu. Wenye ng'ombe wa Molo walikuita mazizini kwao, ukawakataza wakamuaji kupiga kelele. Hata mimi ulinikataza kumfokea kuku. Nilikucheka sana, mume wangu, na sasa nayakosa hata makatazo hayo.

Hukujua kuficha jambo. Tezi lazima itolewe kichwa kikiwa bado na joto, kwa hiyo ulikuwa ukiondoka alfajiri na kurudi na damu kwenye mikono ya koti. Siku hizo mtaani walikuwa wakinong'ona juu ya wachinja watu, wale wanaosemekana huuza damu. Mwingine angepita kimya. Wewe ulisimamishwa bombani na mzee mmoja.

"Bwana, hiyo sanduku umebeba nini?"

Ukalifungua mbele ya wote. "Ni tezi ya kichwa, mzee. Inaongea na mwili kupitia damu."

Wanawake walijitwika madebe yao, mengine hayajajaa, wakaenda. Jioni nilikwambia ungesema tu ni matumbo ya kupika. Ulijibu kwamba kazi ya halali haifichwi, ukaendelea kula.

Mwezi huo huo Ndung'u, fundi cherehani wa mlango wa pili, alitoweka. Mara ya mwisho alionekana akikusaidia kukaza kamba ya sanduku. Mkewe Wariara alikwenda kituo cha polisi kuuliza kama alichukuliwa na lori la askari kama wengine, akaambiwa hajulikani. Akarudi, akasimama mbele ya mlango wetu, asibishe hodi. Tangu hapo hatukuamkiwa. Walisema lisemwalo lipo. Mtu alichora msalaba wa makaa mlangoni, nikaufuta, ukarudi. Mawe yakaanza kutua kwenye mabati tukiwa mezani.

Mama yako alikusihi uende kwa wajomba Kimilili mpaka mambo yatulie.

"Ni uoga tu, mama," ulimwambia. "Nauona kwa ng'ombe kila siku. Ukimwacha atulie, unaisha wenyewe kwenye damu."

Ng'ombe uliwajua vizuri, Wasike. Ulidhani na majirani ni vivyo hivyo, na mimi nikakuamini kwa sababu wewe ndiwe uliyesoma.

Ulipatikana kando ya njia ya kichinjio. Chupa zako zilikuwa zimepondwa zote, lakini baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye ua vizuri, haina hata mkwaruzo. Aliyekuua hakuwa na haraka. Mazishini tulikuwa sisi wa nyumbani, mchungaji na wenzako wa kazini. Kutoka mtaani hakuja mtu, kwa maana kwao ulizikwa ukiwa mchinja watu.

Kisha, wakati wa kupanda mahindi, Ndung'u akarudi. Alikuwa kizuizini muda wote huo. Amekonda, kichwa kimenyolewa, na kabla ya kuingia kwake alipita kwetu.

"Mama Nekoye, mzee yuko? Nataka kumsalimia."

Bombani palikuwa pamejaa watu. Nilimwambia awaulize wao. Akawageukia, akauliza tena kwa heshima, nao wakajitwika madebe yao mmoja mmoja, wakaenda.

Hatujahama. Tunateka maji pamoja nao, nami huwaamkia kila mmoja kwa jina lake. Sijui ulikuwa mkono wa nani. Najua mwenyewe anayasoma haya, au anasomewa. Jumapili baada ya kanisa tutakuombea nyumbani, na mlango utakuwa wazi kwa yeyote.

Unakumbukwa na mama yako Naliaka, mimi mkeo Nanyama, binti yako Nekoye, na ndugu yako Khisa ambaye bado anaulizauliza. Hatutakusahau maisha yetu yote.

Ndung'u ameomba atajwe pamoja nasi, na tumemtaja. Wariara naye ameomba. Huyo bado hatujamjibu.