Faustin Amebaki Milimani

Brussels, Anderlecht

Maman mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Magoti yanasemaje siku hizi? Maji yanafika mtaani, au bado watoto wanapanda na bidoni za maji kichwani? Kwenye simu unasema tu "tuko sawa", kisha sauti inakatika, nami ninabaki nikijiuliza usawa huo ni wa namna gani. Sisi ni wazima, usiogope, hakuna msiba. Naandika kwa sababu simu unayopokelea ni ya jirani, na haya sitaki yasikike na mwingine. Maman Espérance wa kanisa letu anakuja Goma kuona wazazi wake, atakukabidhi barua hii mwenyewe.

Unajua nilimngoja mwanao Faustin hapa miaka minne. Nilidhani siku atakayofika, kungoja kutaisha. Mwezi wa kwanza tulifurahi kweli, kisha akaanza kutembea. Akitoka kazini, kule depo wanakofunga vifurushi, haji nyumbani. Anapanda metro mpaka mwisho wa njia, anashuka, anapanda ya kurudi. Nikamwuliza huko anakwenda kuona nini. Akasema haoni kitu, ila akikaa miguu inamwasha. Jumapili nilikuwa nampeleka Chaussée de Wavre, kwenye maduka ya watu wetu, tununue majani ya sombe na samaki wadogo wa ndagala, naye asikie Kiswahili. Anasalimia watu vizuri, anacheka nao. Tukirudi anasimama dirishani, koti bado mwilini, kama mtu anayesubiri gari. Mimi nami nikaanza kulala nusu nusu, nikisikiliza kama bado yupo. Kazini nawaogesha wazee wa watu, nawavalisha, nawachana nywele, lakini akili yangu haiko pale.

Donc, basi, nikaomba likizo, siku chache tu. Tangu tufunge ndoa hatukuwahi kwenda mahali popote kwa ajili ya kupumzika. Siku ya kwanza tukazunguka hapa mjini kama watalii, tukaenda mpaka ule uwanja wa zamani ambao nyumba zake zimepakwa dhahabu ukutani. Tulikula gofri za moto, mikate yao mitamu, theluji ya majimaji ikitudondokea. Ile picha niliyokutumia, ukasema Faustin amenenepa, ilipigwa pale. Alicheka kwa ajili ya picha. Nilipoteremsha simu, kicheko nacho kikaisha.

Kesho yake tukachukua treni, kisha basi, mpaka Ardennes. Binti wa bibi mmoja ninayemtunza ana chumba huko, akatuachia. Milima yao, maman, ungeiona ungecheka. Kwetu tungesema ni vilima vya kulimia maharagwe. Lakini theluji ilikuwa imefunika kila kitu, na Faustin alibandika paji la uso kwenye kioo cha basi akaanza kunionyesha: pale ni malisho, ule uzio umefungwa vibaya, kijito kile hakigandi. Sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo tangu alipofika.

Asubuhi nikaamka, hayupo. Koti halipo, simu ameiacha mezani. Maman, nisamehe, nyumba yetu ni chumba kimoja na jiko, na wiki moja kabla ya hapo nilisikia ulivyomwambia kwenye simu, "Rudi nikuone kabla sijafa." Naye akajibu, "Ndiyo, maman." Hakuniambia kitu, nami sikumwuliza. Basi asubuhi ile nilijua moja kwa moja kwamba amekwenda. Nilivaa viatu bila soksi.

Nje nikakuta nyayo zake kwenye theluji. Nilizifuata nikitegemea zitanifikisha kwenye kituo cha basi. Zilikipita kituo, zikateremka kijitoni, zikapanda tena mpaka kwenye zizi kubwa la mawe. Ndani kulikuwa na joto, harufu ya maziwa na samadi. Mwanao alikuwa amekunja mikono ya shati, kiganja kwenye shingo ya ng'ombe mmoja mwekundu, anamsemesha kwa lugha ya kwenu. Pembeni mwenye zizi, mjane mmoja aitwaye Madame Odile, alikuwa anasukuma nyasi kavu. Alinieleza kwamba mume wangu alifika kukiwa bado giza, akasimama mlangoni, akaomba ruhusa awasalimie wanyama. Akamwacha aingie.

Nilimwita nje kwa hasira. Nikamwambia nilidhani ameniacha.

"Nilitaka kwenda," akasema. "Mama ameniita. Nilikuwa nimesema nitaondoka mwezi wa tatu."

"Na mimi?"

"Weye unajua kuishi hapa, Riziki. Nyumba ni yako, Kifaransa ni chako. Mi naishi kwako kama mugeni."

Nikamwuliza anarudi kwenye nini. Kule kijijini kwenu Masisi hakuna aliyebaki, na wewe mwenyewe unalala Goma kwa binti yako. Theluji ilimwangukia kichwani wala hakuipangusa. Tukarudi ndani kwa sababu ya miguu yangu, na Madame Odile akatupatia kahawa.

Siku zilizobaki alikwenda zizini kila alfajiri, nami nilimfuata, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Pale alinisimulia siku ile ng'ombe wenu walipochukuliwa na wenye bunduki. Wewe unaijua. Mimi, mke wake, sikuwa naijua. Siku ya kuondoka Madame Odile akasema mfanyakazi wake aliacha kazi, peke yake hawezi, chumba kipo na mkataba utakuwa wa halali. Faustin akanitazama.

Nilikataa. Nimemngoja miaka yote hiyo ili nimkabidhi kwa ng'ombe? Ndani ya treni nilikataa, nyumbani nikakataa. Jumatatu akavaa kwenda depo. Alifunga kiatu kimoja, kisha akabaki ameketi kitandani na kile kingine mkononi, hainuki. Nikakaa karibu naye. Nikamwambia, "Enda kwa Madame Odile. Lakini usiende mbali kuliko mahali treni inaponifikisha."

Sasa yuko huko. Mimi naenda Ijumaa jioni, narudi Jumapili. Na siku za katikati, maman, mimi ndimi nisiyeweza kukaa. Napanga vyombo vilivyokwisha kupangwa. Nafungua redio nisiyoisikiliza. Nimeomba kazi kwenye nyumba ya wazee iliyo karibu na kijiji kile, hawajanijibu. Sijui kama nilifanya vizuri. Najua tu kwamba Ijumaa iliyopita alinipokea kituoni akanishika mkono njia nzima, naye si mtu wa kushikana mikono mbele za watu.

Nisalimie wifi yangu anayekulaza, na tonton, yule mzee aliyesimama kwa ajili yetu siku ya mahari, na jirani anayekuazima simu, Mungu ambariki.

Maman, siwezi kukukataza kumwita mwanao, wewe ndiwe uliyemzaa. Ninakuomba kitu kimoja tu. Akikupigia, usimwulize anakuja lini. Mwulize yule mwekundu anatoa maziwa kiasi gani. Utaona, atakujibu mpaka simu iishe.

Mkwe wako anayekupenda,
Riziki