Usikubali Kabla Sijafika

4 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Naamini u mzima, na huko juu kwenye kreni upepo unakuheshimu. Mimi namshukuru Mungu, ila tumbo nililokuwa nalisingizia gesi wamelitazama kwa kamera. Ni saratani. Daktari anasema tumeiwahi: kipande kikatwe, nitapona.

Sasa sikia. Hospitali imeleta roboti. Daktari anaweza kunitoboa matundu madogo na kushika vyuma kwa mikono yake, au roboti ivishike, naye akae pembeni akiiongoza kama mpiga kinanda. Anaipendelea roboti. Na alivyokuwa mpole! Daktari gani anakuvutia kiti? Nikamuuliza, "Hiyo mashine itamtaja Mungu kabla ya kukata?" Akacheka: "Mama, nitamtaja mimi." Mimi sikucheka. Waonaje?

Dada yako

11 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa. Pole sana.

Ikatae hiyo roboti. Kitu kipya lazima kitafutiwe watu wa kujaribiwa nacho. Mimi nainua vyuma kwa kusukuma vijiti, najua. Mzigo ukikwama, mkono hausikii. Naona tu kamba imekaza, na pengine nimeshachelewa. Muulize: roboti ikivuta nyama, mkono wake unasikia? Na usikubali lolote kabla sijafika. Naomba ruhusa kwa msimamizi wiki hii.

Mdogo wako

25 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na Mungu akulinde. Nimemuuliza. Nilidhani atababaika. Akasema, "Hausikii, mama. Macho ndiyo yananiambia, na picha yake ni safi sana."

"Na bila roboti?"

"Nasikia kidogo. Hiyo nimeifanya miaka mingi, roboti tangu mwaka jana. Roboti inachukua muda mrefu zaidi, damu inapotea kidogo zaidi. Kupona, wanapona karibu sawa. Chagua unayotaka, ila upesi."

Nimechagua mikono yake. Akanipa Alhamisi. Nikamwambia hapana, namsubiri mdogo wangu. Akakunja uso, lakini akakubali.

Huku jikoni shuleni wenzangu ndio wananionjea chumvi. Wanafunzi wanasema mboga imekuwa tamu, wasio na adabu. Umepata ruhusa?

Dada yako

9 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. U hali gani? Ruhusa bado. Msimamizi anasema tumalize ghorofa hii kwanza. Mwezi ujao nakuja, nakuahidi.

Usisaini, dada. Huyo daktari alikukubalia haraka mno. Kama roboti ni nzuri, mbona hakuitetea? Huenda hivyo vyuma vya kushika kwa mkono vimechakaa na anajua. Nikifika nitakaa naye uso kwa uso. Nisubiri.

Mdogo wako

20 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Mbona kimya? Umenikasirikia, au kuna jambo wanakuficha huko? Nimeambiwa ruhusa ni wiki mbili zijazo. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako

27 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijakasirika. Nilikosa nguvu ya kushika kalamu. Chakula kiligoma kushuka, wenzangu wa jikoni wakanibeba hadi hospitali.

Wamenipiga picha upya. Uvimbe umekua na kushika nyama za jirani. Matundu hayafai tena, si ya roboti wala ya mikono yake. Atanipasua wazi, kutoka chini ya kifua hadi kitovuni, Ijumaa ya tarehe saba. Nikamuuliza, ingekuwa ile Alhamisi je? Akatazama dirishani, hakunidanganya. Hapo ndipo nilipomwamini.

Nimesaini mwenyewe. Nimesali, moyo umetulia. Wewe usijilaumu. Uliogopa, na mimi niliona raha kuwa na mtu wa kuogopa naye.

Muuguzi ameniuliza nani atakuwa mlangoni wakinitoa. Nikasema mdogo wangu. Akanitazama, akauliza tena kama nina mtu mwingine wa kuandika.

Nikamwambia aandike huyo huyo.

Dada yako