Dirisha la Chumba cha Kushonea

Kindu, Alhamisi, Machi 1975

Na mimi niliwasha moto pale, wiki nzima.

Baba amenipa kile kibanda cha matofali nyuma ya nyumba nikigeuze chumba cha kushonea. Ukutani kuna kishubaka chenye tao. Baba, mtu wa Kasai aliyeletwa hapa na kazi ya reli, alisema ni jiko la wenye nyumba wa zamani, basi nikawa nawashia humo mkaa wa pasi. Kesho fundi angekibomoa, tupate dirisha karibu na mashine.

Leo jirani yetu, Bibi Zaituni, ameleta kitenge. Akavua viatu mlangoni.

"Bibi, ingia navyo, ni vumbi tu."

"Mutoto yangu, hapa njo baba yangu alikuwa anasalisha watu. Kile kishubaka njo fasi alikuwa anasimama."

Aliona majivu. Akaniuliza gauni litakuwa tayari lini.

Afadhali angenitukana.

Ukuta wa pili unatazama choo. Nimemwambia Baba dirisha litobolewe huko. Anacheka, anasema nitashona nimeziba pua.

Nitaziba.