Sekunde Nne za Karani

Jumamosi, Kapkatet. Asubuhi ukungu, mchana jua kali, sasa manyunyu. Nimetulia, ingawa si kwa sababu niliyoitarajia.

Nianze na kosa, nisije nikalizunguka.

Jana jioni nilibadilisha programu ya watoto bila kuwaambia.

Watoto ni wa gredi ya nane, katika shule niliyosomea mwenyewe. Likizo hii ya chuo nimekuwa nikiwaandaa kwa mashindano ya roboti. Wananiita Madam, na nina miaka ishirini na moja. Roboti yao wameiita Karani, kwa heshima ya karani wa kituo chetu cha kupimia majani chai, ambaye hajawahi kuharakishwa na mtu. Kazi ya Karani wetu ni kufuata mstari mweusi sakafuni kwa macho mawili madogo yanayopima mwanga, akipeleka vikapu vya majani kituoni, kimoja kimoja.

Kabla ya kuondoka, Karani husimama sekunde nne akitazama sakafu. Chebet, kapteni wao, ndiye aliyepanga hivyo. Mimi niliona ni kupoteza muda. Kompyuta ni yangu. Watoto walipokwenda nyumbani nilibaki darasani, nikazifuta zile sekunde, nikaweka namba za mwanga nilizopima mwenyewe. Nikamjaribu Karani mara tatu. Hakukosea.

Nilijiambia nitawaeleza asubuhi. Asubuhi nikajiambia wataona wenyewe, watafurahi.

Ukumbi wa mashindano, Kericho mjini, una madirisha makubwa na jua lilikuwa limejaa ndani. Raundi ya kwanza Karani alitoka mbio, akaacha mstari kwenye kona, akamwaga majani mbele ya mwamuzi.

"Karani wenu amelewa," akasema kijana wa meza ya jirani, na wenzake wakacheka.

Chebet akamgeukia Kiprono, ambaye kazi yake ni nyaya. "Macho umeyafunga vibaya tena."

"Nimefunga vile vile."

"Vile vile gani, na amemwaga?"

Ningeweza kusema hapo. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwao, nyuma ya kamba, mahali ambapo sisi wakubwa tunaruhusiwa kuongea lakini si kugusa.



Kiprono akafungua kila waya, akafunga upya. Raundi ya pili Karani akapotea pale pale.

Ilibaki raundi moja, na inayohesabiwa ni ile bora. Kiprono alitazama vidole vyake, akasema polepole, "Basi labda ni mimi."

Hilo nilishindwa kulibeba.

"Si wewe," nikasema. "Ni mimi. Jana nilifuta zile sekunde nne."

Chebet akanigeukia. "Kwa nini, Madam?"

"Niliona zinachelewesha."

"Lakini kwetu ukungu unaingia na kutoka. Lazima aangalie kwanza leo kukoje."

Msichana wa miaka kumi na tatu. Darasa lao liko ukingoni mwa shamba la chai. Saa nne ni giza, saa tano ni mwanga mtupu. Walikuwa wamelitatua tatizo hilo kabla sijafika, na sikuwahi hata kuwauliza kwa nini Karani husimama. Namba zangu zilikuwa za ukungu wa jana.

Programu yao sikuwa nimeihifadhi. Nikadhani yamekwisha. Chebet akatoa mkobani daftari lililokunjika. Stima hupotea sana shuleni, kwa hiyo wao huandika kila kitu kwa mkono kwanza, tabia niliyokuwa nikiicheka kimoyomoyo. Kiprono akasoma kwa sauti, Chebet akaandika kwenye kompyuta. Mimi nilishika kamba.

Raundi ya tatu Karani alisimama. Moja, mbili, tatu.

"Sasa amelala," akasema yule kijana.

Nne. Karani akaondoka taratibu, akapita kona, akarudi, akaenda tena, mpaka vikapu vyote vikafika.

Tumekuwa wa tatu, na watatu wa kwanza wanaendelea na hatua inayofuata.

Kwenye basi la shule nilimwomba Kiprono msamaha mbele ya wote. Akasema, "Ni sawa, Madam," kisha akauliza kama nitamaliza ile chapati yangu. Nikampa. Chebet hakusema ni sawa. Tulipofika alinikabidhi daftari. "Ukitaka kubadilisha kitu, andika hapa, kwa penseli. Sisi tutaona."

Hilo "tutaona" nimelifurahia kuliko cheti. Angeweza kuniambia nisirudi tena.

Sasa mvua iko juu ya mabati na daftari liko mbele yangu. Nina wazo kuhusu kona ya pili, na naamini ni zuri. Nimechonga penseli, nimeliandika kwa mistari miwili, na mwishoni nimeweka alama ya kuuliza.